Mbwa wa Mjomba kule Bangwe, na shule walizosoma mbwa wengine

Haya wadau, mnisamehe kwa ukimya. Wiki mbili za majaribio zimenikaba koo, desa juu ya desa, halafu bumu nalo likachelewa kama kawaida yake. Leo nimepata upenyo, nina stori ndefu kidogo. Kaeni mkao wa kula.

Jumapili asubuhi simu imeita, Mjomba kutoka Bangwe. Kwa wasiokujua kwetu: Bangwe ni kule rasini, kusini mwa mji wa Kigoma, sehemu ambayo ukitoka nje tu unakanyaga mchanga wa Ziwa Tanganyika. Usiku wa giza wavuvi wanaingia ziwani na taa, asubuhi mwalo mzima unang'aa dagaa walioanikwa. Mjomba ana mtumbwi mmoja na mashine moja. Tuseme alikuwa na mashine moja, kwa sababu mwaka juzi waliibeba usiku, na nyavu juu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba Mjomba. Wewe si unasoma mambo ya wanyama huko Morogoro? Basi nambie, huyu mbwa tumuue au tumrudishe shule?"

Nikakaa kitako. Stori yenyewe hii hapa. Baada ya wizi ule Mjomba alitafuta mbwa, wakamwita Bosi. Mbwa wa kawaida tu wa kwetu, rangi ya mchanga, masikio yamesimama. Akiwa na miezi kama saba hivi akapelekwa kwa jamaa mmoja wa mjini (jina nalihifadhi) anayesema yeye ni mtaalamu wa kufundisha mbwa wa ulinzi. Bosi akalala huko bweni wiki tatu. Mjomba akalipa hela ya dagaa wa giza zima. Mbwa akarudi na mnyororo, makovu mgongoni, na macho ambayo mama alisema hayakuwa yake. Baadaye ndiyo tukasikia kwamba alikuwa anafungiwa gizani, anachapwa, na kwenye chakula anatiwa pilipili ili "awe mkali". Na kweli akawa mkali. Wiki iliyopita mnyororo umekatika, akamng'ata binti wa mama mdogo aliyekuwa anageuza dagaa mchangani. Miaka tisa. Kidonda wamekiosha kwa sabuni na maji mengi (angalau hilo walilijua), akapelekwa hospitali, sasa anaendelea na sindano za kichaa cha mbwa. Mbwa mwenyewe hakuwa amechanjwa. Amefungwa peke yake, anaangaliwa, na majirani wanataka auawe, nami siwalaumu.

Nilimwambia Mjomba anipe siku chache. Nikaenda maktaba. Mnajua tena, mimi nikiulizwa swali naanza na historia, ndiyo maana wenzangu wa sayansi ya wanyama wananicheka kwamba nilikosea fomu ya kujiunga.

Nikaanzia nyumbani, maana Ujiji yetu imepitiwa na kila aina ya msafiri, na wasafiri wale walikuwa na mbwa. Livingstone kabla hajafika Ujiji kwa mara ya kwanza, Machi 1869, alikuwa na mbwa mdogo wa manyoya ya kujikunja aliyeitwa Chitane. Mzee aliandika habari zake kwenye shajara kwa uchungu mkubwa. Kazi ya Chitane ilikuwa ipi? Hakung'ata watu. Alikimbia mbele ya msafara akamwona wa kwanza, akarudi nyuma akambwekea wa mwisho ili asibaki, na wakipiga kambi alijua kibanda cha bwana wake ni kipi na mbwa mgeni hasogei. Januari 1867, huko ambako sasa ni kaskazini ya Zambia, msafara ulivuka kinamasi kipana karibu maili moja, maji ya kiunoni. Kila mtu alihangaika na mzigo wake, hakuna aliyemkumbuka Chitane. Akaogelea mpaka nguvu zikamwishia, akafa maji. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Sasa maili nzima ya matete ufuko unauona wapi?

Stanley ndiyo kabisa. Safari yake ya pili, ile aliyoondoka Uingereza mwaka 1874, alikuja na mbwa watano wa Kizungu. Mmoja, Castor, dume kubwa la kupigiwa mfano, alikuwa zawadi kutoka kwa mama mmoja tajiri wa London. Baadhi ya wengine aliwanunua Battersea, kwenye nyumba ya mbwa wasio na wenyewe. Alifika Ujiji Mei 1876. Mnajua wangapi walifika naye? Sifuri. Wa mwisho, Bull, yule wa pua bapa, alianguka mwaka huo huo katika nchi ya Usui, upande wa Biharamulo, baada ya kutembea maili zipatazo 1500. Alikataa kubaki nyuma, akawa anajikokota kumfuata mbeba bunduki mpaka mwisho. Mbwa shujaa, hilo sikatai. Lakini nilijiuliza: Bull alikuja kufanya nini huku? Pua bapa ile, kwenye jua la huku? Hakuna aliyechagua kazi kwanza ndipo akatafuta mbwa. Walichagua mbwa kwa sura.

Wakati huo huo ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Kongo, wawindaji walikuwa na mbwa wao wadogo wasiobweka, wanafungwa kengele ya mti shingoni ili mwenyewe ajue mbwa yuko wapi kichakani. Mbwa mchanga anafuatana na wakubwa, anajifunza kazi kazini, hakuna bweni wala ada. Miaka ya 1930 Waingereza wakawachukua hao hao, wakawapeleka kwenye maonyesho ya mbwa London na jina la Basenji. Leo mbwa huyo ana vyeti vya ukoo, sisi tunamwita koko. Ndiyo hivyo.

Hapo kabla sijaendelea nilimpigia Bibi Ujiji, nikitaka kujua mawazo yake juu ya Bosi. Bibi ni wa Ujiji ile ya zamani, mkeka na tasbihi. Akajibu, "Mimi mbwa simtaki ndani, lakini msiseme dini imesema auawe. Muulize maalim." Maalim wa madrasa yetu ya zamani akanipa somo la nusu saa, vocha ikaniishia. Mate ya mbwa kwa Mashafii ni najisi, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo, hilo tulilijua tangu chuoni. Lakini mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa. Na Surat Al-Maida, aya ya 4, inazungumzia wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Wanazuoni wakakaa wakajiuliza, aliyefundishwa ni yupi? Wakaweka masharti: ukimtuma anakwenda, ukimzuia anazuilika, akikamata hali mpaka umfikie. Na siyo mara moja, arudie mpaka ijulikane kweli amefunzwa.

Jamani, hii ilinipiga. Karne nyingi kabla ya mtu yeyote Ulaya kuandika kitabu cha mbwa wa polisi, hawa wazee tayari walikuwa na mtihani wa kufaulu na kufeli, na swali la kati ni lile la kuzuilika. Mbwa asiyezuilika hajafundishwa, hata awe mkali vipi. Sasa mpime Bosi kwa mtihani huo. Ukimwambia acha, haachi. Kafeli, na mwalimu wake kafeli kabla yake.

Tuvuke kidogo kwenda Ulaya, maana huko ndiko ufundishaji wa mbwa ulikogeuka kuwa kazi ya mshahara. Mwaka 1910 ofisa wa polisi wa Ujerumani, Konrad Most, alitoa kitabu cha kufundisha mbwa ambacho kwa miaka mingi kilikuwa msingi wa polisi na majeshi. Most alikuwa mtu makini, tusimwonee, na alijua umuhimu wa kumpa mbwa raha akifanya vizuri. Ila sehemu kubwa ya njia yake ilikuwa nguvu: kamba, kola yenye meno, fimbo. Mtu ni bwana, mbwa atii.

Halafu ikaja vita ya 1914 hadi 1918, ile iliyotuzamishia Graf von Götzen pale Kigoma mwaka 1916 (ndiyo Liemba hiyo hiyo, ikaibuliwa 1924). Wajerumani wakafungua Oldenburg, mwaka 1916, shule ya mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka. Waingereza mwaka 1917 wakampa Kanali Edwin Richardson shule ya mbwa wa vita, wa kupeleka barua kutoka mstari wa mbele. Mbwa wake wengine walitoka wapi? Battersea! Pale pale aliponunua Stanley. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu maktaba mpaka mkutubi akaniangalia.

Lakini tazama tofauti. Mbwa wa Richardson anaachiwa mahandakini, mabomu yanalia, hakuna mtu amemshika kamba, lazima arudi mwenyewe kwa mtunzaji wake kilomita kadhaa. Utamchapa vipi akiwa kilomita tatu mbali na wewe? Haiwezekani. Kwa hiyo Richardson alifundisha kwa upole na chakula, akasema wazi kwamba mbwa huyo lazima apende kurudi. Siyo kwamba alikuwa na roho nzuri kuliko Most. Kazi yenyewe ilikataa fimbo. Hapo ndipo mimi nilipopata kitu cha kumwambia Mjomba, kwamba ukishajua kazi, kazi ndiyo inakuchagulia shule.

Na ushahidi mwingine uko hapa hapa chuoni, hatua chache kutoka hosteli. Wale mnaoamka mapema mnawaona panya buku wamevalishwa mikanda, wanatembea kwenye kamba juu ya majani, wanakuna ardhi. Hao ni wanafunzi wa APOPO, shirika lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na kuhamia hapa SUA mwaka 2000. Tatizo lao lilikuwa mabomu yaliyotegwa ardhini. Dunia nzima ilikuwa inatumia mbwa. Wao wakauliza upya kazi yenyewe inataka nini. Inataka pua. Inataka mwili mwepesi usiolipua bomu, na panya buku ana kilo moja na ushee. Inataka mnyama asiyenuna akibadilishiwa mtunzaji, kwa sababu mbwa mzuri hufungamana na mtu wake, mtu akiumwa kazi inalala. Panya yeye muhimu ndizi.

Njia yao ni rahisi kueleza, ngumu kuvumilia. Kidude kidogo kinalia "tik", chakula kinafuata. Tik, chakula. Tik, chakula. Baada ya siku kadhaa panya anajua tik maana yake umepatia. Kisha tik inakuja akinusa harufu ya TNT tu. Akikosea hachapwi, hapati kitu, basi. Mafunzo yanachukua kama miezi tisa. Wengine wanafundishwa kunusa makohozi ya kifua kikuu, sampuli mia moja kwa dakika kama ishirini. Njia hiyo ya tik ina historia yake, ilianzia kwa wanafunzi wa Profesa Skinner kule Marekani miaka ya 1940, wakaifanyia biashara ya kufundisha wanyama wa matangazo na maonyesho. Magawa, panya aliyezaliwa hapa Morogoro mwaka 2013, alipelekwa Kambodia akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi mia moja, akapewa nishani ya dhahabu ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020. Alikufa Januari 2022, mzee amestaafu. Na cha kuchekesha, APOPO hao hao Kambodia wanatumia na mbwa, kwenye maeneo makubwa yenye vichaka ambako panya hawafai. Hawana ushabiki wa Simba na Yanga, wanaangalia kazi.

Mbwa nao Tanzania wamesomeshwa vizuri, msije mkasema napigia debe panya tu. Polisi wana kikosi chao cha mbwa na farasi. Kule Usa River, Arusha, African Wildlife Foundation walianzisha mwaka 2014 mafunzo ya mbwa wa kunusa meno ya tembo, pembe za faru na magamba ya kakakuona, kwa bandari na viwanja vya ndege. Kilichonivutia siyo mbwa, ni kwamba askari anayemwongoza naye anakaa shule pamoja naye. Wanasoma wawili, wanahitimu wawili. Upande wa Kongo, hifadhi ya Virunga tangu mwaka 2011 ina mbwa wa kufuata nyayo, wale wenye masikio marefu yanayoburuzika. Wote hao wakipatia wanapewa mpira au kipande cha chakula, na kubembelezwa.

Sasa rudini Bangwe. Mjomba alipompeleka Bosi bweni, nani alisoma? Bosi na yule jamaa. Mjomba hakusoma. Shangazi hakusoma. Mbwa alirudi anajua maneno ambayo nyumbani hakuna anayeyajua, na mtu anayemwogopa yuko mjini. Hata kama mwalimu yule angekuwa malaika, bado aina ile ya shule haikufaa. Kwa mtu wa kwetu, mwalimu akija nyumbani mara mbili kwa wiki, au wewe na mbwa mkaenda pamoja, ni bora kuliko mbwa kulala huko wiki tatu peke yake. Bweni linafaa pale mwalimu anapokubali uingie uone anavyofundisha siku yoyote, na akukabidhi mbwa kwa kukufundisha wewe. Akikataa usione, ondoka na mbwa wako.

Na kazi yenyewe ni ipi? Niliposema hivi Mjomba alikaa kimya kidogo kwenye simu. Mwalo wa Bangwe saa kumi usiku una wavuvi wanaorudi, kina mama wenye ndoo, watoto, wachuuzi, walevi wawili watatu. Mbwa wa kushambulia umweke hapo? Hata polisi mbwa wa namna hiyo hatembei bila mtu aliyefunzwa ameshika kamba. Anachohitaji Mjomba ni mbwa wa kubweka mtu akigusa mtumbwi, na kunyamaza akiambiwa basi. Anahitaji Chitane. Mwizi wa mashine haogopi sana meno, anaogopa watu kuamka.

"Kwa hiyo hela yangu imekwenda bure?" akauliza.

"Imekwenda Mjomba."

"Na huyu?"

Hapo sikuwa na maneno matamu. Nilimwambia kwanza mtoto amalize sindano zote, asiruke hata moja hata akionekana mzima. Bosi abaki peke yake siku kumi tangu alipong'ata, aangaliwe na mtu wa mifugo wa wilaya. Akibaki mzima siku hizo zikiisha, achanjwe. Mbwa wengine wa mtaa nao, maana wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo kichaa kinakosa pa kupita, na pale kwetu sidhani kama tunafika hata nusu yake. Kuhusu kumfundisha upya, inawezekana, lakini mbwa aliyefundishwa kuogopa mikono ya watu hafutiki kwa wiki tatu nyingine. Itachukua miezi, na huenda asiweze kukaa mwaloni tena kamwe, penye watoto. Labda shambani, kwa uzio. Labda hata huko hapana. Sikumwahidi.

Mjomba akavuta pumzi. "Majirani wamenipa mpaka mwisho wa mwezi."

"Nafunga chuo tarehe ishirini na nne, treni siku mbili hivi."

"Njoo na kile kidude chako cha tik," akasema, akakata simu.

Kidude chenyewe sina. Nimemuuliza mshikaji wangu anayefanya kazi kwa panya, amenicheka, kasema kifuniko cha chupa ya soda ya kioo ukikibonyeza katikati kinalia vile vile. Nimekusanya sita tangu jana, viwili vinalia vizuri. Anayesafiri treni ya tarehe ishirini na tano kwenda Kigoma anitafute tukate tiketi pamoja, mimi niko Morogoro stesheni saa moja kabla, na mfuko wa ndizi.